Barua ya Parokia ni ya Nani?
Juu ya kupanga barua pepe za jimbo kwa ajili ya parokia zilizo mbali

Tuanze na jambo tuliloliona sisi wenyewe. Tulipokuwa padri msaidizi katika parokia moja ya mbali, katika jimbo ambalo hatutalitaja, binti mmoja mkatoliki alitaka kufunga ndoa na kijana asiyebatizwa. Mnajua sheria: pasipo ruhusa ya Askofu, ndoa ya namna hiyo haina nguvu (kanuni 1086). Tuliandika kuomba ruhusa, tukapeleka karatasi mjini kwa mkono wa dereva wa kamyo. Askofu alitia sahihi siku ya tatu, na biro yake ikatuma jibu siku ileile kwa barua pepe. Lakini jibu lilikwenda kwa adresi ya padri mkubwa wa zamani, aliyekuwa amehamishwa tangu miezi minne, tena simu yake ilikuwa imeibiwa. Likalala humo majuma matano. Arusi iliahirishwa mara mbili. Baba wa binti, aliyekuwa mgonjwa, akafa kabla ya kumsindikiza mtoto wake mbele ya altare.

Katika habari hiyo hatuoni mtu mwovu. Askofu hakukawia, sekretari hakulala, wala njia ya intaneti haikukatika. Kosa lilikuwa hili: parokia haikuwa na mlango wake. Barua zake ziliingia katika nyumba ya mtu, na mtu alipokwenda, nyumba ilikwenda naye.

Basi, twauliza: barua ya parokia ni ya nani? Nasi twajibu: ni ya parokia, kama vile kitabu cha ubatizo ni cha parokia. Katika makala hii tutaeleza namna jimbo linavyoweza kupanga barua pepe zake pahali pamoja, ili zifae hata wale wanaokaa mbali na mji.

Tuchukue mfano wa Jimbo Kuu letu la Bukavu. Biro za Askofu ziko mjini. Lakini parokia ziko Kabare, Walungu, Nyangezi, Katana. Ziko pia Kalonge na Bunyakiri, ambako mvua huharibu barabara. Ziko kisiwani Idjwi, ambako mtu hafiki pasipo chombo cha maji. Tena, pamoja na parokia, kuna shule, kuna Caritas, kuna biro inayoangalia mahospitali na vituo vya afya (BDOM). Wote hao huandikiana na mji. Hatusemi kwamba mambo yamekwisha kupangwa namna tutakavyoeleza. Twaonyesha tu njia inayofaa, na mwenye mamlaka ataamua.

I. MFANO WA MITUME

Someni tena Matendo ya Mitume, sura ya 15. Mitume na wazee wa Yeruzalemu walipokata neno juu ya wapagani walioongoka, waliwaandikia barua ndugu wa Antiokia, wa Siria na wa Kilikia. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, barua ilitoka kwa Mitume na wazee pamoja; haikutoka kwa mtu mmoja akiandika kwa jina lake. Pili, ilikwenda kwa wakristu wote wa pahali pale, ikasomwa mbele ya mkutano. Haikutumwa kwa rafiki mmoja aweke mfukoni. Tatu, ilipelekwa na watu wanaojulikana, Yuda Barsaba na Sila, ili wathibitishe kwa kinywa yale yaliyoandikwa.

Mashini zimebadilika, lakini mambo hayo matatu yanadumu: barua itoke katika biro, iende kwa biro, na anayeipokea aweze kujua hakika imetoka wapi.

II. NAMNA BARUA PEPE INAVYOSAFIRI

Wengi hudhani kwamba barua pepe inaruka kutoka ordinatere moja hadi nyingine. Sivyo. Kati yao kuna mashini nyingine inayoitwa seva. Seva ni kama posta ya zamani yenye masanduku: kila mwenye adresi ana sanduku lake humo. Barua yako inakwenda kwa seva yako. Seva yako inatafuta seva ya yule unayemwandikia. Barua inawekwa katika sanduku lake, na mwenyewe anakuja kuifungua anapoweza.

Adresi ina sehemu mbili, na katikati yake kuna alama @. Sehemu ya mbele ni jina la sanduku. Sehemu ya nyuma ni jina la nyumba ya posta, nalo linaitwa domeni. Jimbo likiwa na domeni yake, kwa mfano yenye kuishia kwa alama ya inchi yetu, .cd, laweza kufungua masanduku mengi kadiri ya mpango wake, na kuyapa majina linayoyataka.

Sasa tufahamu jambo moja kubwa. Seva inayotuma ikikuta seva nyingine imezimika, haiitupi barua. Inaiweka na kujaribu tena na tena, kwa desturi siku nne au tano. Baadaye inachoka, na kumrudishia mwandishi habari kwamba barua haikufika. Tuone maana yake. Kama kila parokia ingekuwa na seva yake nyumbani, na batri za mtambo wa jua zikafa majuma mawili, barua zote zingerudi zilikotoka. Lakini seva ikiwa moja, pahali ambapo umeme haukatiki, parokia yaweza kuzima ordinatere yake mwezi mzima, na barua zitaingoja katika sanduku. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuweka masanduku pahali pamoja: wa mbali ndio wanaofaidi zaidi.

Tena kuna namna mbili za kufungua sanduku. Namna ya kwanza inaitwa POP: kwa desturi inatoa barua katika seva na kuziweka katika ordinatere tu. Ordinatere ikiibiwa, barua zimekwenda. Namna ya pili inaitwa IMAP: barua zinakaa katika seva, na ordinatere inashika nakala. Kwa parokia zetu ni lazima kuchagua ya pili. Padri asoma nakala yake hata siku isiyo na intaneti. Aandika majibu yake usiku kwa utulivu. Majibu yanangoja, na siku anapopanda mlimani ambako simu yashika mtandao, yanaondoka yote pamoja. Mashini ikivunjika, anachukua nyingine, anafungua sanduku, na barua zote zilizofika katika seva zimo.

III. SEVA IKAE WAPI?

Labda mtu atasema: tununue seva, tuiweke katika biro ya Askofu, iwe yetu kabisa. Neno hilo lina uzito, kwani mwenye mashini ni mwenye ufunguo. Lakini tuhesabu. Seva yataka umeme mchana na usiku, batri kubwa na grupu. Yataka pahali pa baridi kidogo. Yataka njia mbili za intaneti, moja ikikatika nyingine ifanye kazi. Yataka hasa mtu mwenye elimu, wa kuiangalia hata siku ya Pasaka. Jimbo lisilo na hayo yote litakuwa na seva inayolala, na seva ikilala, parokia zote zinakuwa bubu pamoja. Hiyo ndiyo hatari ya kuweka mambo pahali pamoja, wala haifai kuificha.

Kwa hiyo majimbo mengi yatafanya vizuri kukodi nafasi katika nyumba kubwa za seva, hata kama ziko inje ya Kongo, na kulipa kila mwaka. Lakini watie mashariti mawili. Kwanza, domeni iandikwe kwa jina la jimbo lenyewe, isiandikwe kwa jina la fundi aliyeitengeneza. Pili, nakala ya barua zote ishuke Bukavu kila juma, iwekwe katika mashini iliyofungwa. Hivi, tukigombana na mwenye nyumba, twahama na mali yetu.

Tukumbuke vilevile kwamba domeni hainunuliwi mara moja kwa siku zote. Inakodiwa kwa mwaka au miaka. Mtu akisahau kulipa, jina linakufa, na siku hiyo adresi zote za parokia, za shule na za Caritas zinakufa nalo. Kwa sababu hii ekonomo wa jimbo aiandike katika hesabu ya kila mwaka, pamoja na mishahara na dawa.

IV. BARUA NYEPESI KWA NJIA NYEMBAMBA

Watu wa mji husahau kwamba njia ya intaneti ya kijijini ni nyembamba, tena kila mega inalipwa. Tufanye hesabu. Tuseme parokia ina njia ya kilobiti 64 kwa sekunde. Ni kama kilobaiti 8. Barua ya maneno matupu, hata kurasa tano, yafika kilobaiti 15: yapita kwa sekunde mbili. Lakini picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo, iliyopigwa kwa simu, yaweza kufika mega 4. Zaidi ya hayo, kitu kinachofungwa pamoja na barua pepe kinaongezeka sehemu ya tatu kwa uzito njiani, kwani mashini inakigeuza kuwa herufi. Mega 4 zinakuwa zaidi ya 5, na picha moja itachukua dakika kumi na moja au zaidi. Njia ikikatika katika dakika ya kumi, twaanza upya. Lakini picha ileile ikipunguzwa hadi kilobaiti 200, inasomeka vizuri, na inapita kwa muda wa nusu dakika.

Basi biro ya mji ijiwekee sheria: taarifa ya Askofu iandikwe ndani ya barua yenyewe, si katika picha ya karatasi yenye muhuri inayolemea kila parokia. Na seva yenyewe ikatae vitu vizito kupita kipimo, ili mtu mmoja asizibe njia ya wote.

Neno jingine juu ya sateliti. Sateliti za namna ya zamani zinakaa juu kilometa 36.000 hivi. Swali na jibu vikipanda na kushuka, nusu ya sekunde inapita. Ni kidogo kwa barua moja. Lakini ukifungua sanduku katika ukurasa wa intaneti, mashini inauliza na kujibiwa mara nyingi, na padri anasinzia mbele yake. Kwa hiyo programu inayoshika nakala ndani ya ordinatere inafaa zaidi. Mwaka 2025 serikali yetu ilitoa ruhusa kwa Starlink, ambayo sateliti zake zinazunguka karibu, kilometa 550 hivi. Haraka imeongezeka, lakini chombo na malipo ya kila mwezi si ya kila parokia.

Tusidharau vyombo vya zamani. Foni ya misioni ingali inafaa. Siku biro inapotuma barua ya lazima, iseme katika foni: tumewaandikia, fungueni sanduku. Wala si lazima kila katekista wa shirika awe na adresi. Yeye apate habari kwa padri wake, au kwa ujumbe mfupi wa simu. Tumpe adresi yule ambaye kazi yake yaitaka.

V. MAJINA YA MASANDUKU

Hapa ndipo penye dawa ya kisa chetu. Sanduku lichukue jina la kazi: parokia fulani, shule fulani, kansela, ekonomo. Lisichukue jina la mtu. Padri awe na adresi yake ya kuandikia mama yake na rafiki zake. Hiyo ni haki yake, na jimbo halina neno nayo. Lakini ruhusa za ndoa, vyeti vya ubatizo, hesabu na taarifa zipite katika sanduku la parokia.

Siku ya kupokezana kazi, padri anayetoka anamkabidhi anayeingia vitabu, funguo na sanduku la pesa, nao wanatia sahihi. Waongeze mstari mmoja: sanduku la barua pepe. Siku ileile neno la siri libadilishwe. Kansela naye, akipata barua ya kumhamisha padri, amwambie mwangalizi wa seva. Kazi hizo mbili ziende pamoja.

VI. UFUNGUO UKAE KWA NANI?

Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 haisemi neno juu ya barua pepe, lakini yasema mengi juu ya arshivu. Arshivu ya kuria ifungwe, na ufunguo uwe kwa Askofu na kansela tu (kanuni 487). Karatasi zisitoke humo ila kwa muda mfupi na kwa ruhusa (kanuni 488). Kuna pia arshivu ya siri, na ufunguo wake ni wa Askofu peke yake (kanuni 489 na 490). Sisi twaona kwamba masanduku ya jimbo ni arshivu iliyo hai, na yapasa kulindwa kwa roho ileile.

Sasa tuseme wazi: mwangalizi wa seva, akitaka, aweza kusoma barua zilizomo. Neno la siri la padri halimzuii. Kwa hiyo wachaguliwe watu wawili waaminifu, waweke ahadi ya kushika siri kama wote wenye kazi katika kuria (kanuni 471). Twasema wawili, kwani mmoja akifa au akienda, jimbo lisifungiwe inje ya nyumba yake. Maneno ya siri makubwa yaandikwe, yatiwe katika bahasha yenye muhuri, na bahasha iwekwe pamoja na karatasi za Askofu.

Lakini kuna mambo yasiyopasa kupita humo hata kidogo. Neno la kitubio halitajwi kamwe, kwa njia yoyote (kanuni 983). Mambo ya dhamiri, ambayo mseminari humwambia padri wake wa kiroho, yabaki kati yao kwa kinywa. Na karatasi zinazostahili arshivu ya siri zipelekwe kwa mkono. Mwenye haraka ya kuandika mambo hayo afikiri: je, ningeyasema sokoni Kadutu?

VII. BARUA ZA UONGO

Mtume Paulo aliwaonya Watesalonika wasifadhaishwe na barua iliyodhaniwa kuwa yake, tena aliandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, iwe alama (2 Tes. 2 na 3). Hatari hiyo imerudi. Mwizi aweza kufungua adresi yenye jina la Askofu, kisha kumwandikia padri: niko safarini, tuma pesa upesi kwa namba hii.

Domeni ya jimbo ni msaada hapa, kwani padri anazoea kujua kwamba Askofu haandiki kutoka kwingine. Mafundi nao wana mihuri isiyoonekana, iitwayo SPF na DKIM, inayowezesha seva nyingine kutambua barua iliyojificha chini ya jina la domeni yetu. Lakini muhuri haumwokoi mtu asiyeangalia. Kanuni ya lazima ni hii: barua ikiomba pesa au neno la siri, piga simu kwa namba uliyoijua tangu mbele, si ile iliyoandikwa ndani ya barua, usikie sauti. Ndiyo kazi ya Yuda na Sila.

VIII. SIKU ZA VITA

Mwezi wa 10 mwaka 1996, mwezi wa 6 mwaka 2004, na mwezi wa 2 mwaka 2025, Bukavu iliona watu wenye silaha wakiingia na mali ikinyang'anywa. Sisi twajua pia barua zina maana gani siku za namna hiyo. Askofu Mkuu Munzihirwa aliwaandikia wakubwa wa dunia akiwatetea watu, mpaka alipouawa tarehe 29 mwezi wa 10, 1996. Askofu Mkuu Kataliko aliandika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999. Kwa ajili yake alizuiwa kukaa Bukavu na kupelekwa Butembo mwezi wa 2 mwaka 2000, asirudi mpaka mwezi wa 9. Barua kama hizo ni mali ya Eklezia yetu, na watoto wetu watazitafuta.

Hapo twaona kwamba kuweka pamoja si kuweka pahali pamoja tu. Ufunguo na mpango viwe kimoja. Nakala ziwe nyingi: moja katika seva, moja Bukavu, moja katika ordinatere ya parokia, na barua kubwa zichapwe katika karatasi na kuwekwa katika arshivu. Mashini zote za mji zikichukuliwa siku moja, jimbo lisipoteze kumbukumbu lake.

IX. TUANZE NAMNA GANI?

Tusianze na parokia zote. Tuchague tatu zisizofanana: moja ya mjini, moja ya kisiwa cha Idjwi, moja ya upande wa Kalonge au Bunyakiri. Tuzijaribu miezi sita. Tuandike barua ngapi zilifika, ngapi zilikawia, mega ngapi zililipwa. Tusikilize hasa wale wa mbali, kwani mpango unaowafaa hao utawafaa wa mji pia. Waseminari nao wajifunze kazi hii kabla ya upadri, kama wanavyojifunza kuandika kitabu cha ubatizo.

Labda mzee mmoja atanung'unika kwamba hayo ni mambo ya dunia. Tumjibu kwa heshima: Mtaguso wa Vatikano wa pili ulitoa Inter mirifica mwaka 1963 ili tutumie vyombo hivyo kwa utume. Na Roma ilipofungua mlango wake katika intaneti mwaka 1995, seva zake tatu zilipewa majina ya malaika wakuu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Malaika maana yake ni mjumbe.

Ndoa ile ilifungwa mwishoni, na kaka mkubwa wa binti alisimama pahali pa baba yake. Sisi tulibariki pete, huku tukijua jibu la Askofu lilikuwa limesainiwa tangu zamani. Ndugu, tunapopanga masanduku haya, tunawapangia watu wa namna ile.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Padri amehamishwa, lakini vyeti vya ubatizo vya miaka mitatu vimo katika adresi yake mwenyewe. Afanye nini kabla ya kuondoka?

2. Mwangalizi wa seva ameona kwa bahati barua inayomhusu ndugu yake. Ahadi yake inamdai nini?

3. Katika parokia yenu, barua ya lazima ikifika leo saa nne, nani ataiona, na lini?